Kibali cha Ndoana: Safari ya Kushuka kutoka Kpandroma hata Ziwani

Mtu aliyewahi kufika Kpandroma siku ya soko hasahau mambo mawili: baridi ya asubuhi na harufu ya samaki. Baridi si ajabu, kwani mji huu mdogo wa teritwari ya Djugu, ulio kaskazini-mashariki ya Bunia na si mbali na Rethy, umekaa juu ya nyanda zenye kimo cha mita 2,000 hivi. Ni nchi ya viazi, kabichi na maharagwe. Lakini samaki hao watoka wapi, hali vijito vya huku juu ni vyembamba na maji yake ni baridi? Watoka chini, katika Ziwa Albert. Hupandishwa mlimani migongoni mwa akina mama na juu ya pikipiki. Wengine ni makayabo ya chumvi, wengine wamekaushwa kwa moshi, na wale wadogo kabisa wameanikwa juani. Hivyo chungu cha kila nyumba ya Kpandroma kimefungamana na ziwa ambalo watoto wengi wa huku juu hawajapata kutia mguu ndani yake.

Siku hizi kumetokea wavuvi wa namna nyingine. Ni walimu, wauguzi, makarani na vijana wa mjini, ambao siku ya mapumziko huchukua mshipi na ndoana wakashuka ziwani. Hawavui ili wauze, wala hawavui kwa kuwa nyumbani hakuna chakula. Wavua ili moyo upumzike. Hilo si jambo baya. Lakini baadhi yao wametuuliza: "Je, mtu kama huyo naye yampasa kuomba kibali? Ndoana moja ni kitu gani mbele ya ziwa zima?" Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa neno moja. Basi tulishuka ili tulitazame mahali pake.

Njia ya kushuka ni somo peke yake. Kwanza wapita mashambani na kwenye mikaratusi, na upepo wakupiga usoni. Kisha ardhi yakatika ghafula, kana kwamba mtu aliikata kwa panga, na mbele yako waona weupe mkubwa usiojulikana kama ni maji au ni mbingu. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Toka juu hata chini ni zaidi ya mita 1,000 za kuteremka, kwa kuwa uso wa ziwa uko kwenye kimo cha mita 620 hivi tu. Kila hatua nguo zakuzidi mwilini: koti la Kpandroma lavuliwa katikati ya njia, na ufikapo chini jua lakuchoma kana kwamba umeingia nchi nyingine.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 160 hivi, na upana wake ni kama kilometa 30. Kina chake si kikubwa, hakifiki mita 60 popote. Kusini laingiwa na mto Semliki uletao maji ya Ziwa Edward. Kaskazini laingiwa na Nile itokayo Ziwa Viktoria, ambayo haikawii kutoka tena kuelekea Sudani Kusini. Watu wa ng'ambo ya Bunyoro waliliita Mwitanzige, maana yake muua nzige. Mwaka 1864 msafiri Mwingereza, Samuel Baker, alilipa jina la Albert, mume wa Malkia Viktoria, aliyekuwa amekwisha kufa. Mwaka 1973 likapewa jina la Rais Mobutu, na mwaka 1997, utawala wake ulipokwisha, jina hilo likaondoka naye. Majina yamebadilika, samaki wamekaa na jina moja tu, nalo ni chakula.

Nao ni wa namna nyingi. Yuko sangara, ambaye Kongo nzima humwita kapitani, aweza kupita urefu wa mtu mzima na kufika uzito wa kilo 200. Yuko ndugu yake mwenye macho makubwa, akaaye penye kina, ambaye hapatikani popote duniani ila katika ziwa hili. Alielezwa na mtaalamu Mwingereza E. B. Worthington mwaka 1929, baada ya kulichunguza ziwa mwaka uliotangulia. Wako tilapia, kambale, na yule mwenye meno marefu ya nje kama ya mbwa, ambaye wavuvi wa ndoana humpenda kwa ajili ya ukali wake. Tena wako wale wadogo, kama muziri, wasiozidi urefu wa kidole. Zamani hao wadogo walidharauliwa. Leo ndio wengi sokoni, kwa sababu wale wakubwa wamevuliwa mno. Mama wa Kpandroma apimiaye samaki kwa kikopo anaijua habari hiyo kabla ya wataalamu kuiandika.

Sasa turudie swali letu la kibali. Watu wengine hudhani ya kuwa kuomba ruhusa ni mzigo ulioletwa na Wazungu. Si hivyo. Kabla ya karatasi kuwako, maji ya pwani yalikuwa na wenyewe: ukoo huu ulivua toka jiwe hili hata kijito kile, na mgeni aliyetaka kutia mtego alikwenda kwanza kwa mzee wa mahali, akasema jina lake na la baba yake. Penye mazalio ya samaki, katika matete, palikuwa na miiko. Ruhusa ilikuwako, ila haikuandikwa.

Wabelgiji wakaja wakaiandika kwa namna yao. Dikri ya tarehe 12 Julai 1932 ilihusu haki za uvuvi zitolewazo kwa mikataba, na dikri ya tarehe 21 Aprili 1937 ilihusu uwindaji pamoja na uvuvi. Baada ya uhuru, uwindaji ulipata sheria yake mpya tarehe 28 Mei 1982. Lakini uvuvi ulibaki miaka mingi ukitegemea maandiko yale ya kale. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 9, yatamka ya kuwa Dola ina mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, maji na misitu. Basi mbele ya sheria maji ya ziwa si shamba lisilo na mwenyewe. Avuaye kwa kuuza na avuaye kwa kujifurahisha, wote wawili watia mkono katika ghala moja.

Pwani yote ya Ituri ina kambi za wavuvi: Kasenyi na Tchomia upande wa kusini, Joo katikati, na Mahagi-Port upande wa kaskazini. Katika kambi moja tulimkuta mzee akishona wavu chini ya kivuli cha paa la nyasi. Tulimsalimu, akatupa kigoda. Tukamwambia, "Baba, tumetumwa na swali la vijana. Wasema ya kuwa mtu wa ndoana moja, avuaye kwa mchezo, hana haja ya kibali."

Mzee hakujibu mara. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, ndipo akasema, "Wanangu, samaki hajui kama ameuawa kwa njaa au kwa mchezo. Akifa amekufa."

Tukamwuliza, "Lakini, baba, samaki mmoja wapunguza nini?"

Akasema, "Kama ni mmoja, hapungui kitu. Lakini nani amewahesabu? Kijana mmoja atoka Bunia, mwingine Mahagi, mwingine huko juu kwenu. Kila mmoja asema, mimi nina ndoana moja. Tena wapenda kuvua wapi? Hapo kwenye matete, ambapo maji yametulia na samaki mama ametaga. Mimi mwenye wavu nikivua hapo, wenzangu wanikamata. Wao wakivua hapo, waitwa wageni."

Maneno hayo ndiyo kiini cha habari yetu. Wengi hufikiri ya kuwa kibali ni bei ya samaki: nimelipa, basi nina haki ya kuchukua. La, kibali cha kweli ni hesabu. Kwa karatasi ile, mtu asema, "Mimi nipo, jina langu ni hili, navua mahali hapa, kwa chombo hiki, mpaka siku fulani." Wenye kulinda ziwa wakiwa na majina hayo, waweza kujua ni mikono mingapi imo ghalani. Wakijua, waweza kusema: mwaka huu tufunge ghuba hii, au ndoana ndogo zisitumiwe, au samaki aliye chini ya kipimo arudishwe majini. Wasipojua, hawana la kusema. Wahenga wetu walikwisha kulitamka hilo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala tusidhani ya kuwa uvuvi wa kujifurahisha ni jambo dogo lisiloweza kudhuru. Ng'ambo ya ziwa, huko Uganda, Nile hupita katika ufa wa mwamba ambao upana wake haufiki mita 10, ikaanguka zaidi ya mita 40. Hayo ndiyo maporomoko ya Murchison. Tangu kale yalikuwa kama mlango uliofungwa: sangara wa Ziwa Albert hakuweza kuyapanda, hivyo Ziwa Viktoria halikumjua. Katika miaka ya 1950 watu walimchukua sangara huku chini wakampandikiza kule juu. Sababu mojawapo iliyotajwa wakati ule ilikuwa kuwapatia wavuvi wa kujifurahisha samaki mkubwa wa kupigana naye, tena kuwageuza samaki wadogo wawe nyama nyingi. Sangara akaongezeka, akawala wadogo, na aina nyingi za samaki wa asili ya Ziwa Viktoria zikatoweka. Ni kweli ya kuwa biashara kubwa ilizaliwa, na wengi walipata kazi. Lakini mvuvi wa Mwanza au Kisumu hakuulizwa. Tazameni basi jinsi furaha ya wachache, isipopimwa, yaweza kugeuza maji ya mataifa matatu.

Kwa sababu hiyo, mahali pengi katika Afrika ya Mashariki mvuvi wa kujifurahisha ana kibali chake mbali na kile cha mfanya biashara. Chini ya maporomoko hayo ya Murchison, katika hifadhi iliyofanywa mwaka 1952, atakaye kuvua kwa ufito huomba ruhusa kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, naye hulipa kwa siku. Desturi ya hapo ni kumvuta samaki, kumpima, kumpiga picha, kisha kumrudisha majini akiwa hai. Nako Kenya, katika mito baridi ya milima ya Aberdare, trauti aliletwa toka Uskoti mwaka 1905 kwa ajili ya uvuvi wa namna hiyo, na hata leo sheria ya Kenya ya mwaka 2016 yautambua uvuvi wa kujifurahisha na kuutakia leseni. Huenda mtu wa nyanda za Kpandroma akacheka asikiapo habari ya kumlipia samaki usiyemla. Asicheke haraka: samaki yule aliyerudishwa aweza kutaga tena, na fedha ya kibali imebaki nchini.

Hata hivyo haifai kusema habari za raia peke yake, tukanyamaza juu ya wenye kutoa karatasi. Katika safari hii, mahali fulani pwani, watu watatu mbalimbali walitutaka fedha kwa ajili ya ndoana ile ile, siku ile ile. Wa kwanza alisema ni ya ruhusa, wa pili alisema ni ya usafi wa pwani, wa tatu hakusema ni ya nini. Mmoja tu ndiye aliyeandika stakabadhi, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza tutavua samaki gani, wala wapi, wala kwa ndoana ya ukubwa gani. Hapo kibali kimekwisha kufa. Karatasi isiyouliza kitu haihesabu kitu. Ni ushuru wa njia tu. Mwananchi aonapo hivyo hujifunza kukwepa, na akikwepa yeye, jirani yake hukwepa pia. Mwisho hata yule karani mwaminifu, mwenye daftari safi na muhuri wa kweli, huonekana kama mnyang'anyi mwingine. Afisa atozaye bila kuandika aliharibu ziwa sawasawa na yule avuaye kwa chandarua.

Basi tuwape shauri gani vijana wetu? Kwanza, ufikapo pwani usianze na maji, anza na watu. Nenda kwa mkuu wa kambi, jitambulishe, uliza ni wapi pasipovuliwa. Pili, uliza ni ofisi gani ya Serikali yenye haki ya kutoa kibali mahali hapo, uende wewe mwenyewe, wala usimtume mtu wa njiani. Tatu, isome karatasi kabla ya kulipa. Itazame kama ina jina lako, tarehe ya kuanza na ya kuisha, mahali, na aina ya uvuvi. Maana kibali cha ndoana si kibali cha wavu, na kibali cha kujifurahisha hakikupi ruhusa ya kuuza samaki sokoni. Nne, usilipe pasipo stakabadhi, tena itunze pamoja na kibali mahali pasipoloana. Tano, tumia ndoana kubwa kuliko ndogo, na samaki mchanga umrudishe kabla hajakauka mikononi mwako.

Liko na neno la sita, nalo ni zito kuliko yote: usivuke mpaka. Mstari uliopangwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1915 wapita katikati ya maji, pasipo jiwe wala mti wa kuuonyesha. Mtumbwi ukisukumwa na upepo waweza kuamka Uganda bila mwenyewe kujua. Mwaka 2007 ugomvi juu ya kisiwa kidogo cha Rukwanzi, kusini mwa ziwa, uliua watu, hata marais wa nchi mbili wakakutana Ngurdoto, karibu na Arusha, mwezi wa Septemba mwaka ule. Tangu mwaka 2017 Uganda ilituma askari wa jeshi lake maziwani kusimamia sheria za uvuvi, na Wakongo wengi wamekamatwa, nyavu na injini zao zikachukuliwa. Mwaka 2018 nchi zote mbili zilitia sahihi mapatano ya kutunza pamoja uvuvi wa Ziwa Edward na Ziwa Albert. Hilo ni jambo jema. Lakini kibali cha Kongo hakigeuki kuwa cha Uganda kwa sababu ya mapatano hayo. Mtu wa mapumziko hana injini ya kukimbilia, wala mke wake nyumbani hajui amtafute wapi.

Tena tusisahau mwaka huo huo wa 2018 katika Djugu. Vita vilivyofufuka mwezi wa Desemba 2017 viliwasukuma watu kwa makumi ya maelfu hata pwani, nao wakavuka ziwa hili kwa mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, wakikimbilia Uganda. Wengine walizama. Kwa familia nyingi za nchi hii, maji haya yalikuwa njia ya kuokoka kabla hayajawa mahali pa mchezo. Kwa hiyo atakaye kushuka leo aulize kwanza habari ya njia na ya usalama kwa watu wa mahali, wala asione haya kurudi wakimwambia arudi. Na akifika, akae pwani kwa heshima, kama mtu aingiaye katika nyumba iliyofiwa.

Labda mzazi mmoja atasema, "Haya yote yanihusu nini mimi, mkulima wa viazi, nisiye na ndoana wala mtumbwi?" Yakuhusu, baba, yakuhusu, mama. Mtoto wako akila ugali pamoja na samaki, damu yake yapata nguvu isiyopatikana katika viazi peke yake. Samaki akipungua ziwani, bei yapanda mlimani. Na bei ikipanda, kipande cha mtoto ndicho kikatwacho kwanza. Uliza basi sokoni samaki huyu ametoka kambi gani na amevuliwa kwa nini. Mwambie mwuzaji ya kuwa hutaki samaki mchanga aliyekokotwa kwa chandarua. Na kijana wako aagapo kwenda kujifurahisha ziwani, kabla hujamfungia viazi vya njiani, mwambie akuonyeshe kibali chake, ukisome pamoja naye, jina, mahali na tarehe, mpaka neno la mwisho.